Undugu wa Kumfaa Mwenye Nyumba

Kuna uongo mmoja ambao umekuwa kama ada kwetu, sisi wasema Kiswahili tunaoishi katika miji ya Uingereza. Haushangazi mtu tena, wala hauitwi uongo. Hufundishwa kwa sauti ya upole, mara nyingi siku ile ile mpangaji anapokabidhiwa ufunguo: "Akija mtu wa halmashauri akawaulizeni, semeni ninyi ni ndugu." Hapo wote hucheka kidogo, kwani kila mmoja anajua kwamba wa kwanza ametoka Tanga, wa pili Mombasa, wa tatu Bukavu, na kwamba hawajapata kuonana kabla ya kukutana kazini. Kisha jambo hupita. Mimi nakataa lipite. Nimelisikia likitetewa harusini na msibani, tena na watu ninaowaheshimu, na kila ninapolisikia naona tunamtumikia mtu ambaye hata ahsante hatupi.

Kwanza sheria yenyewe, maana wengi wanaiogopa bila kuijua. Nikiiacha Uskoti, ambayo ina taratibu zake, Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 inasema hivi: watu watatu au zaidi wasio wa kaya moja, wakipanga nyumba au flati na kuchangia jiko, choo au bafu, makazi yao ni makazi ya kaya nyingi. Wakifika watano, mwenye nyumba hana budi kukata leseni. Sharti hilo lilipoanza kutumika mwaka 2006 liliyahusu majengo yenye sakafu tatu kwenda juu tu, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2018 hesabu ya sakafu imeondolewa. Flati zilizomo katika majengo makubwa yaliyojengwa tangu awali kuwa ya flati zimeachwa nje ya ulazima huo. Halmashauri nazo zimepewa uwezo wa kushusha kiwango hadi watu watatu katika maeneo yao, na ndiyo sababu mji mmoja unadai leseni ambayo mji jirani hauidai.

Sasa, kaya ni nini? Hapa ndipo penye kisa. Sheria inahesabu mume na mke, au wawili wanaoishi kama mume na mke, kisha inataja jamaa: mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, kaka, dada, mjomba, shangazi, mpwa, na mwisho binamu. Basi. Rafiki hayumo. Marafiki watano waliosoma pamoja, wanaopika chungu kimoja na kuuguzana, mbele ya sheria hii ni kaya tano. Mabinamu watano wasiosalimiana wanaweza kuwa kaya moja, na mwenye nyumba wao asidaiwe leseni hata siku moja.

Ndugu msomaji, utaona mara moja jinsi orodha hiyo inavyotunasa sisi. Neno la mwisho ndilo mlango wa uongo. Kwa Mwingereza binamu ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, akakomea hapo. Kwetu neno hilo lina miguu mirefu. Mtoto wa jirani aliyelelewa na mama yako ni ndugu, na mtu wa kijiji kimoja nawe ukikutana naye ugenini ni ndugu. Kuna wakati taifa zima la Tanzania lilikuwa likiitana ndugu, kuanzia Rais hadi mfagizi. Basi Mswahili akimwambia mkaguzi kwamba wenziwe ni ndugu zake, moyo wake haumsuti. Katika lugha yake hajasema uongo. Wahenga wamempa na kinga: undugu ni kufaana, si kufanana.

Mithali hiyo naipokea, na ni hiyo hiyo inayomhukumu mwenye nyumba. Hebu tuulize: undugu huu tunaoutamka mlangoni unamfaa nani? Mpangaji haumfai kitu. Akisema ni binamu wa mwenziwe, kodi haishuki hata senti. Kinachoondoka ni yale ambayo leseni ingeyadai: cheti cha gesi cha kila mwaka, ving'ora vya moshi, mpangaji kupewa masharti yake kwa maandishi, na kikomo cha idadi ya watu. Tangu 2018 kuna pia kipimo cha chumba, kwamba mtu mmoja mwenye umri zaidi ya miaka kumi halazwi katika chumba chini ya mita za mraba 6.51, na wawili katika kile kilicho chini ya 10.22. Mwombaji mwenyewe huchunguzwa kama ni mtu anayefaa kukabidhiwa nyumba ya watu, na leseni haizidi miaka mitano kabla ya kuombwa upya. Hayo yote mwenye nyumba anayaruka kwa neno letu moja. Tunamwazima undugu wetu bure, naye anatupangisha kwa bei ya soko.

Nayajua haya kwa kuyaishi. Kuanzia Septemba 2019 tulikuwa watano katika flati moja juu ya duka, mjini Birmingham: wawili wa Dar es Salaam, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Bukavu, na mimi wa Tanga. Kila mtu alilipa pauni 380 kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa pwani yetu, aliyefika nchi hii zamani, mwenye heshima zake, akituita "wanangu" nasi tukimwita Mzee. Idi alituletea biriani. Sebule aliigeuza chumba cha kulala, na juu ya ngazi palikuwa na kijichumba ambacho mwenzetu wa Bukavu, fundi seremala kwa asili yake, alikipima kwa utepe akapata mita 1.9 kwa 2.8. Zidisha mwenyewe. Jikoni hapakuwa na king'ora, na ule wa ngazini ulitolewa betri kwa kuwa ulikuwa ukilia kila tukikaanga samaki. Mlango wa chini, ambao ndio njia pekee ya kutokea, ulifungwa kwa ufunguo kutoka ndani pia. Usiku wa kwanza nilijua kwamba moto ukianza dukani, maisha yetu yangetegemea nani ameweka ufunguo wapi.

Kilichomleta mkaguzi ni mapipa ya taka. Flati yenye watu watano na pipa la familia moja hujisema yenyewe uchochoroni, na jirani mmoja alichoka. Mzee alipopata barua ya halmashauri alikuja jioni ile ile, safari hii bila biriani, na karatasi moja ya Kiingereza. Iliandikwa kwamba sisi tuliotia saini hapo chini ni watu wa familia moja. "Ni karatasi tu, wanangu," alisema. "Msipotia saini watakufukuzeni, mtalala wapi?"

Ubishi uliofuata jikoni ulikuwa mkali kuliko wote niliopata kuusikia kati ya watu wanaopendana. Kijana mmoja wa Dar es Salaam karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimepelekwa kuongezwa muda, jibu halijarudi. Kwake mtu yeyote wa serikali mwenye kalamu alikuwa ni uhamiaji. Siwezi kumlaumu. Tangu Februari 2016 wenye nyumba wa nchi hii wanatakiwa kukagua hati za ukaazi za mpangaji kabla ya kumpangisha, na mtu aliyegeuzwa mtuhumiwa na dalali wa nyumba hawezi kujua ofisi ya makazi inaishia wapi na ya uhamiaji inaanzia wapi. Mzee aliujua woga huo vizuri sana, na aliutumia bila kuutaja. Watatu walitia saini. Mimi na yule wa Bukavu tulikataa. Yule wa Mombasa, ambaye nilimpenda kama pacha wangu, aliniambia kwamba nimekaa na Wazungu mpaka nimesahau watu.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mtaratibu. Aliiona karatasi, akaisoma, kisha akamwomba kila mmoja peke yake amtajie babu yake. Akapata mababu watano. Maneno hayo tu ndiyo yaliyokuwa thamani ya karatasi ya Mzee, kwa maana saini haigeuzi damu, na sheria hutazama hali ilivyo, haitazami watu walivyoagizwa kusema. Lakini karatasi ile ilifanya kazi nyingine. Mwenye nyumba akipangisha bila leseni inayotakiwa, kosa ni lake. Mpangaji hana kosa lolote kwa kulala humo. Zaidi ya hayo, mpangaji anaweza kwenda mbele ya baraza la mashauri ya nyumba akadai arudishiwe kodi aliyolipa, wakati ule hadi ya miezi 12. Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 imekiongeza kiwango hicho kuwa hadi miezi 24. Sisi wawili tulidai. Baraza lilitupatia zaidi ya nusu ya kodi ya mwaka, na mwenzangu wa Bukavu alilipa ada ya chuo kwa fedha zile. Wale watatu hawakudai kamwe. Waliogopa wataonyeshwa saini zao na kuulizwa kwa nini walidanganya. Muda wa kudai, miezi 12, ukapita. Kwa hesabu yangu, kila mmoja wao huenda aliacha mezani pauni elfu mbili na ushei, na yote ikabaki mfukoni mwa mtu aliyewaita wanangu.

Wapo watakaosema kwamba nazidisha, kwamba king'ora na cheti ni mambo ya makaratasi. Hao nawakumbusha Glasgow. Mwaka 1999 wanafunzi wawili walikufa kwa moto katika flati ya chini, madirisha yake yakiwa na nondo. Mwaka uliofuata Uskoti ikaanza kuzitaka nyumba za namna hiyo leseni, miaka sita kabla ya Uingereza. Nondo zile zinanisumbua akili, kwa sababu ndizo tulizokulia nazo. Kwetu dirisha lisilo na nondo ni dirisha la mjinga. Tumezoea kumwogopa mwizi anayeingia, hatukufundishwa kumwogopa moto unaotuzuia kutoka. Mtu aliyekulia Kariakoo au Magomeni anaijua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, jiko na choo uani, na kila chumba na mpangaji wake. Kwa kipimo cha sheria ya 2004 hiyo ni nyumba ya kaya nyingi moja kwa moja, na hakuna aliyewahi kuikatia leseni ya namna hiyo. Lakini nyumba ile iko chini, ina mlango wa mbele na mlango wa uani, na watu wake wako macho mpaka usiku wa manane. Flati ya juu ya duka haina uani.

Tena si habari za zamani. Machi 2023, huko Shadwell, mashariki ya London, moto uliwaka katika flati iliyokuwa na leseni ya watu watatu. Waliokuwa wakilala humo walizidi kumi na watano, wengi wao vijana kutoka Bangladesh waliokuja kutafuta maisha. Mmoja alikufa. Angalia vizuri: pale leseni ilikuwapo. Haikuokoa mtu, kwa sababu waliolala mle hawakuwa na nguvu ya kusema idadi yao. Ndiyo maana nasema ukimya wetu ni sehemu ya mitambo hii. Mkaguzi mmoja ana mitaa mingi, na macho yake ya kwanza ni mpangaji.

Sasa nigeukie hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina uzito. Wenzetu husema sheria hii inatutukana, inamhesabu rafiki kuwa mgeni na kumpa binamu cheo asichokifanyia kazi. Ni kweli. Moto hauulizi ukoo. Mabinamu watano juu ya duka wanaungua sawasawa na marafiki watano, na kama king'ora ni haki ya hao, basi ni haki ya hawa. Kipimo cha busara kingekuwa idadi ya watu, vitanda na milango. Kwa kupima damu, sheria imefungua mlango wa uongo na kisha ikashangaa watu kupita.

Kosa hili si la Waingereza peke yao. Marekani, katika mji wa East Cleveland, jimbo la Ohio, bibi mmoja aliyeitwa Inez Moore alihukumiwa kifungo cha siku tano na faini ya dola 25 kwa kuishi na wajukuu wawili ambao baba zao walikuwa tofauti. Mmoja wa wajukuu hao aliletwa kwake baada ya kufiwa na mama. Kanuni ya mji haikuwatambua kuwa familia moja. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliifuta hukumu mwaka 1977, na kila mwenye bibi alifurahi. Lakini miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1974, mahakama hiyo hiyo iliwakatalia wanafunzi sita waliopanga nyumba moja katika kijiji cha Belle Terre, New York, ambako watu wasio na udugu hawakuruhusiwa kuzidi wawili. Damu ilishinda, urafiki ukashindwa. Jaji Thurgood Marshall alikuwa miongoni mwa wawili waliopinga uamuzi huo wa 1974, nami niko upande wake.

Hata hapa Uingereza yapo matumizi ya kanuni hizi yasiyohusu moto kabisa. Halmashauri kadhaa zimechukua uwezo wa mipango miji kuzuia nyumba za familia zisigeuzwe za kupanga kwa pamoja bila kibali. Birmingham, kwa mfano, hupima kama nyumba hizo zimezidi asilimia 10 ndani ya mita 100. Sitaki kujifanya sijui maana yake. Mara nyingi hapo watu hawamlindi mpangaji, wanamlinda jirani asimwone mpangaji. Kijana asiyeweza kupanga peke yake kwa mshahara wa kutunza wazee anaambiwa mtaa umejaa watu wa aina yake. Hilo ni la kupigwa vita, na leseni inayopandisha kodi pia ni ya kusemwa, maana ada ile mwenye nyumba huitafuta kwetu.

Lakini lipigwe vita mchana. Mfano upo. Katika miaka ya 1970 huko Chiswick, London, kulikuwa na nyumba ya kuwapokea wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Halmashauri iliweka kikomo cha watu 36. Siku moja ilipokaguliwa wakakutwa 75. Mwendeshaji wake, Erin Pizzey, hakusema wote ni mabinamu. Alidai waziwazi kwamba wanaoishi na kupika na kulea watoto pamoja ni kaya moja, akalipeleka shauri mpaka kwa majaji wa Baraza la Malodi, na mwaka 1977 akashindwa. Alishindwa, lakini swali lake limebaki katika vitabu vya sheria kwa jina lake. Uongo wetu wa mlangoni hauachi swali lolote mahali popote. Unamwacha mbunge akiamini kwamba wahamiaji wana binamu wengi sana.

Nilikutana na mwenye nyumba mwingine, mwenzetu vilevile, katika harusi moja Leicester. Alikuwa amesikia habari zangu. "Wewe ndiye unayewaharibia ndugu zako," alinisema mbele ya watu. Nilimuuliza hao ndugu anawatoza kiasi gani, na kama amana ya mwezi mmoja anaichukua au anawasamehe. Alinijibu kwamba hayo ni mambo ya mkataba.

Sawa, basi yawe ya mkataba. Sheria ile ile ya 2004 inaitaka kila halmashauri kuweka daftari la leseni lililo wazi kwa umma, na mtu yeyote ana haki ya kuliangalia kabla hajatoa amana, hata kama hajui kulumbana kwa Kiingereza. Humo huandikwa anwani, jina la mwenye leseni na idadi ya watu wanaoruhusiwa. Nililitazama mwezi uliopita. Flati ile ya juu ya duka sasa imo. Imeandikwa watu wanne.